Ngoma ya sikio ilitoboka, ila kilichoniponza ni ile "eeh" yangu

Nianze na aibu yenyewe maana nimeificha vya kutosha. Sikio langu la kushoto lilitobolewa na kijiti cha pamba, vile vijiti vya kusafishia masikio, na aliyekishika kijiti ni mimi mwenyewe, mtu mzima na akili zangu timamu. Nimetoka kuoga, nimekaa ukingoni mwa kitanda, kijiti kimezama nakizungusha macho nimefumba (wanaoijua ile raha wanaijua), mara binti yangu, wakati huo ana miaka 6, akaingia mbio anakimbizwa na kaka yake, akarukia kitandani na akanigonga kiwiko. Basi, ikawa imeisha.

Nilisikia "pah", kama mtu kapasua karatasi kavu ndani ya kichwa changu. Maumivu yalikuwa makali mpaka machozi yakanitoka yenyewe, halafu chumba kikaanza kuzunguka nikashika godoro kwa mikono miwili kama niko kwenye mashua. Kijiti nilipokitoa kina tone la damu kwenye pamba. Na cha ajabu maumivu hayakukaa, baada ya dakika chache yamepungua kabisa, kilichobaki ni sikio kuwa zito kama limejaa maji, na mlio mwembamba kwa mbali, ziiiiii.

Mtoto kasimama kanikodolea macho. "Baba, nimekuumiza?" Nikamwambia hapana mama, nenda kacheze. Huo ndo uongo wa kwanza, na kwa kuwa maumivu yaliisha haraka nikajiambia wala si uongo.

Hapo ndo wengi tunapotea njia. Tumezoea kwamba kitu kikubwa kinauma sana na kidogo kinauma kidogo, kumbe ngoma ya sikio ikishachanika maumivu yanaweza kushuka haraka. Ukipona maumivu unadhani umepona sikio. Mimi nilikaa wiki 3 nzima sijaenda popote. Nikawa naoga kama kawaida, maji yanaingia, na kila maji ya baridi yakiingia napata kizunguzungu nashika ukuta, bado tu nasema ni uchovu. Siku moja nikapenga kamasi kwa nguvu hewa ikatokea sikioni, yani inapiga kafilimbi kabisa, fiiii, na hata hapo nikaona kama kichekesho nikamwonyesha kijana wangu akacheka sana akaniambia baba fanya tena. Nikafanya tena!! Mungu anisamehe.

Halafu nikatafuta kwenye droo nikakuta kichupa cha dawa ya matone, kimebaki toka zamani, nikatia matone 3. Sekunde chache baadaye nasikia uchungu wa dawa kooni. Fikiria hilo, dawa imewekwa sikioni naionja kooni. Ni kwamba nyuma ya ngoma kuna kijichumba kidogo cha hewa na kina mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua, ngoma ikiwa nzima dawa inaishia nje yake, ikiwa na tundu inapita moja kwa moja. Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi wa tundu kwenye ulimi wangu na nikaumeza.

Usaha ulipoanza kutoka, mto unalowa usiku na una harufu, mke wangu akasema sasa wewe baba utaenda hospitali kwa miguu yako au nikubebe. Nikaenda.

Sehemu ya kwanza nilipofika sitaitaja, aliyenipokea hakuchungulia hata sikio, aliuliza tu linauma, nikasema haliumi sana, akaniandikia antibaiotiki za kumeza na matone mengine. Nilipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo, ndiye aliyechungulia kwa kile kidude chenye taa, akakaa kimya, akaniuliza ulitia nini humu. Nikamwambia ni matone niliyoyakuta kwenye droo. Akaniambia kuna matone ya masikio yenye dawa za jamii ya gentamicin au neomycin, hizo kwenye sikio lililotoboka si za kuchezea kwa sababu zikipenya mpaka sikio la ndani zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja au mizani ya mwili, na yeye akaniandikia matone ya ciprofloxacin. Kichupa changu cha droo sikuwa nacho nimwonyeshe na jina silikumbuki mpaka leo. Siku hiyo ndo niliogopa, siyo ya kijiti.

Akaniuliza pia ilikuwaje. Nikasema eti nilipata mafua makali. Uongo wa pili huo, na wa kijinga, maana yeye ameona tundu lilivyo, akanitazama tu akasema "haya, na kijiti je?" Nikacheka nikakiri. Akaniambia sikio halihitaji kusafishwa ndani, nta inatoka yenyewe polepole, kijiti kinachofanya ni kuisukuma na kuishindilia. Ila kuhusu mtoto sikusema neno. Nilisema mkono uliteleza.

Ngoma yenyewe ni kitu kidogo mno, haifiki upana wa sentimita 1 na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyuma yake kuna vimfupa 3 vimeshikana mkono, nyundo, fuawe na kikuku, hicho kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kina kama milimita 3. Sauti inapiga ngoma, ngoma inatikisa nyundo, nyundo inapasa kwa fuawe, fuawe kwa kikuku, kikuku kinagonga mlango wa sikio la ndani. Ukitoboa ngoma umetoboa spika, inatikisika lakini nguvu inavujia tunduni. Langu lilikuwa limekula kama robo ya ngoma.

Akanifanyia kipimo kimoja nakipenda mpaka leo. Ana chuma chenye meno mawili kama uma, anakigonga kwenye goti lake kinavuma, halafu anakisimika katikati ya paji la uso na kuuliza unasikia upande gani. Mimi nikajua jibu kabla, si nasikia kulia kwenye sikio zima? Kumbe mvumo wote unasikika kushoto, kwenye bovu! Nilidhani ananifanyia kiinimacho. Akasema hiyo ni habari njema, maana mvumo unapita kwenye mfupa wa kichwa hauhitaji ngoma, na lile bovu halisumbuliwi na kelele za chumbani kwa hiyo linausikia zaidi. Kama ungesikika upande mzima tungehofia mshipa wa fahamu umeumia. Kwangu mshipa ulikuwa salama, tatizo ni njia.

Kisha kile kipimo cha kukaa kwenye kachumba kasiko na mwangwi umevaa hedfoni unabonyeza kila ukisikia "tiit". Kulia nilikuwa kawaida. Kushoto wastani wa desibeli 38, yani sauti ilibidi ifike ukubwa huo ndo niisikie, kawaida inatakiwa usizidi kama 20 au 25. Akanieleza kuwa tundu peke yake kwa kawaida haliondoi zaidi ya kama desibeli 40, ikizidi hapo anaanza kuwaza vimfupa navyo vimeachana, mimi nilikuwa mpakani pale. Desibeli 38 ukitaka kuionja ziba sikio moja kwa kidole, bonyeza kwa nguvu, halafu ishi hivyo mwaka mmoja.

Na akasema tungoje. Tundu nyingi za kuumia namna hii zinajiziba zenyewe ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi 2 au 3, sharti sikio liwe kavu. Kuoga na pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, hakuna kuogelea, hakuna kupenga kwa nguvu, kupiga chafya mdomo wazi. Kama ningekuja siku ya kwanza, na kama nisingeliogesha sikio wiki 3 likapata usaha, huenda lingeshafunga. Hakunilaumu, alisema tu "sasa tuanze kuhesabu leo."

Sasa kipindi hicho cha kungoja ndo kilichonifunza, wala siyo sikio.

Kwanza kabisa kupoteza sikio moja siyo kusikia nusu. Ukiwa chumbani kimya na mtu mmoja unasikia vizuri tu, mpaka watu wanadhani unaigiza. Shida inaanza wakiwa watu wanne. Kichwa kinajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha sikio hili na lile, ipi imefika mapema hata kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ipi ni kubwa zaidi. Ukibaki na moja dunia nzima inatokea upande mmoja. Simu yangu ikiita nazunguka nyumba nzima kama kuku aliyekatwa kichwa na kumbe iko mezani hapo nilipoanzia. Mtu akiniita barabarani nageukia upande usio wake nampungia mkono mtu nisiyemjua. Kuvuka barabara nilianza kuangalia kila upande mara tatu, maana pikipiki ya kushoto kwangu ilikuwa inasikika iko kulia.

Na kwenye kelele ndo basi kabisa. Masikio mawili yanasaidiana kumchambua mtu mmoja kutoka kwenye kelele za wengi, moja linapokea rundo lote. Jioni kichwa kinauma kwa kazi ya kusikiliza tu, nilikuwa narudi kazini nataka kulala saa 1 usiku kama mtoto mchanga.

Kwa hiyo nikabuni dawa yangu. Dawa yenyewe ni "eeh".

Mtu akisema kitu sijakipata, "eeh". Akicheka nacheka. Akikunja uso natikisa kichwa nasema "dah, hatari". Nilikuwa hodari jamani, nasoma uso, nasoma midomo, nategea wengine waitikie halafu nafuata kama msikitini nyuma ya imamu. Kuomba mtu arudie mara moja ni sawa, mara ya pili unaona anavuta pumzi, mara ya tatu anakwambia "basi achana nayo", na hilo "achana nayo" linauma kuliko kijiti, kwa hiyo mtu unachagua "eeh". Kikaoni niliitikia "eeh" nikaja kugundua Ijumaa kwamba nimekubali kuandaa ripoti ambayo hata sijui inahusu nini. Bosi ananiuliza imefikia wapi, nami natabasamu nasema inaendelea vizuri. Nililala saa 9 usiku siku hiyo.

Mlio nao haukuniacha. Mchana unafichwa na shughuli, usiku taa zikizimwa unakuja kukaa kitandani kama mgeni asiyeaga. Ukiwa hivyo unasoma kila kitu, nikakutana na habari za Joseph Toynbee, daktari Mwingereza wa masikio wa karne ya 19, huyo ndiye aliyewahi kutengeneza ngoma ya bandia ya kipande cha mpira na waya wa fedha unaichomeka mwenyewe, mwaka 1853, halafu mwaka 1866 akafariki akijijaribia mwenyewe kuvuta mvuke wa dawa kutafuta tiba ya mlio wa masikioni. Nikasema kumbe huu mlio ulishamsumbua mpaka bingwa wake. Mimi nilichofanya ni kuwasha feni, ukimya ndo unaoukuza, ukiupa kelele ndogo ya kushindana nayo unanywea.

Sasa lile nililotaka kulisema toka mwanzo.

Usiku mmoja namlaza binti, amelala upande wangu wa kushoto, akaninong'oneza kitu sikioni. Watoto wanavyonong'ona mnajua, ni pumzi tupu. Nikahisi joto la mdomo wake tu, neno hata moja sikupata. Nikatabasamu, nikambusu kichwani, nikasema "eeh mama, sasa lala."

Kesho yake hakunisalimia. Keshokutwa akawa anapita mbali na mimi, nikikaa kochi hili yeye anakaa lile. Nikasema ni mambo ya watoto. Wiki ikaisha. Mke wangu ndiye aliyeniita pembeni akanifokea kwa sauti ya chini, ambayo ilibidi nimwambie ahamie kulia ndo nimsikie akinifokea, akasema hivi wewe unawezaje kumwambia mtoto maneno yale. Maneno gani? Mtoto alikuwa amenong'ona, "Baba, bado umenikasirikia kwa ajili ya sikio lako?"

Na mimi nikasema eeh.

Alikuwa anajua siku zote. Alisikia "pah" ya sura yangu hata kama hakusikia ya sikio, aliona damu, aliona navyokwenda hospitali, aliona akiniita nageukia upande mwingine, akinijibu simwitikii, akaunganisha mwenyewe kwa akili yake ya miaka 6. Nami kwa kujifanya hakuna kilichotokea nilimwachia abebe peke yake. Nilimkalisha usiku ule ule nikamweleza yote, kwamba kijiti hakikutakiwa kuwemo sikioni hata kidogo, kwamba aliponong'ona sikusikia nikadanganya. Akawaza, akaniuliza, "Kwa hiyo ukisema eeh huwa unadanganya?" Nikasema mara nyingi, ndiyo. Akasema, "Mimi pia mwalimu akiniuliza nimeelewa."

Kuanzia hapo nikaanza kuwaambia watu. Siyo tangazo, sentensi moja tu: sikio langu la kushoto halisikii, kaa huku, na kama umeniona naitikia kijinga rudia. Kikaoni nikahamia kona, ukuta upande wa kushoto, watu wote kulia. Kuhusu kurudia nikajifunza ujanja, usimwambie mtu "unasemaje?" maana anarudia kitu kizima kwa sauti ileile, mwambie kipande ulichopata: "umesema ripoti ya nini?" Hapo anakujibu neno moja na hakasiriki. Na kwenye simu kuna mpangilio wa kuunganisha sauti za pande mbili ziwe moja, tafuta neno "mono" kwenye mipangilio ya usikivu, maana kwa hedfoni nilikuwa nakosa nusu ya muziki kumbe imewekwa upande uliokufa.

Miezi 3 ikapita tundu limepungua kidogo likagoma. Tukaenda oparesheni. Wanakulaza usingizi, wanakata nyuma ya sikio, wanachukua kipande cha utando unaofunika msuli wa juu ya sikio, ule unaocheza ukitafuna, wanakitega kama kiraka chini ya tundu na kukishikilia kwa sponji inayoyeyuka yenyewe. Kiraka chenyewe hakiongei na sikio, kazi yake ni kuwa daraja ngoma iote juu yake. Niliamka kichwa kimefungwa bandeji kama kilemba na ulimi upande wa kushoto una ladha ya chuma, kama nimelamba betri. Hili hawakunificha, walishanionya, kuna mshipa wa ladha unapita katikati ya sikio nyuma tu ya ngoma, ukiguswa unanuna. Kwangu ulinuna kama miezi 2 kisha ukatulia.

Wiki za mwanzo ndo ngumu kuliko, maana sikio limejazwa sponji, unasikia vibaya zaidi ya kabla ya oparesheni, na hapo ndo mtu anaanza kujuta. Usijute, bado limezibwa. Kutokunyanyua vizito, kutokupanda ndege mpaka daktari aseme, chafya mdomo wazi (binti alikuwa ananisimamia, nikivuta tu pumzi anapiga kelele "mdomo!"). Sponji ilipotolewa nilisikia karatasi kwenye meza ya daktari ikisogea. Karatasi tu. Nikaomba aisogeze tena.

Kipimo cha mwisho kushoto kimesoma desibeli 22. Siyo sikio la zamani, kwenye kelele bado nahangaika, mlio upo ila umezeeka, na ngoma iliyoungwa siichezei, sikio likavu na kijiti sijakigusa tena. Kila mwaka naenda kuchunguliwa.

Binti sasa ana miaka 8 na amejifanya fundi wa vipimo. Anakuja kushoto kimyakimya ananong'ona halafu anarudi nyuma anisubiri. Juzi nimepata yote isipokuwa neno la mwisho. Nikamwambia nimesikia unataka nikununulie kitu, kitu gani? Akarudia. Ni paka. Nikamwambia rudia tena, sikio hili bado bovu.